Uwanja wa Stesheni ya Kigoma Ugawiwe Mapema

Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Tangu hapo mazungumzo ya reli hapa Mwanga, mjini Kigoma, yamekuwa ya nauli, mwendo na ajira, na ni haki yetu kuyazungumza. Lakini lipo jambo linaloonekana dogo ambalo likiachwa hadi siku ya uzinduzi litatusumbua miaka mingi: mbele ya stesheni patakuwa na nafasi ya nani? Ya mwenye gari anayetaka kulipaki karibu na mlango, au ya bajaji, daladala na mchukuzi wa mizigo?

Stesheni tuliyonayo haikujengwa kwa ajili ya magari. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na Wajerumani walichokitafuta ni ziwa. Meli tunayoiita Liemba ilikuja vipande vipande kwa reli hiyo hiyo, ikaundwa hapa hapa Kigoma. Mzigo ulitakiwa utoke kwenye behewa uingie melini, basi, na nani angefikiria mamia ya magari madogo? Ndiyo maana hadi leo mbele ya jengo lile zuri pana sehemu finyu tu, na barabara inayotoka Mwanga inateremka moja kwa moja mpaka hapo.

Siku ya treni utaona mambo yanavyokuwa. Mama ana madumu mawili ya mawese na kiroba cha dagaa kilichoshonwa mdomo kwa kamba ya katani. Bajaji iliyomleta haiwezi kusogea mpaka getini kwa sababu gari dogo limesimama njiani, taa za tahadhari zinawaka, mwenyewe yuko ndani ya stesheni anamuaga ndugu yake. Mchukuzi anayabeba yale madumu mawili kuzunguka gari, huku nyuma bodaboda wanapiga honi. Mwenye gari hana nia mbaya. Hakuna mahali palipochorwa kwamba hapa unashusha, pale unasubiri.

Ukweli ni kwamba tunachanganya mahitaji mawili tofauti. Lipo la kushusha na kupakia, la dakika chache. Lipo pia la kulaza gari. Wakenya walipofungua stesheni ya Syokimau Novemba 2012, walitenga eneo la magari kwa sababu iliyo wazi: mkazi wa pembezoni mwa Nairobi aache gari lake asubuhi, apande treni kwenda kazini, jioni alichukue arudi nalo nyumbani. Sisi hali yetu si hiyo. Treni ya kutoka Kigoma ni ya safari ndefu, na anayeacha gari analiacha siku tatu, juma zima, pengine zaidi. Tukiinakili Syokimau kama ilivyo, tutajenga uwanja mkubwa wa magari yaliyolala.

Tupige hesabu. Gari dogo moja huchukua mita 2.5 kwa 5, na ukiongeza njia ya kuingilia na kugeuzia, linahitaji karibu mita 25 za mraba. Magari mia moja ni mita 2,500 za mraba, zaidi ya theluthi ya uwanja wa mpira. Nafasi ya gari moja lililolala siku tatu inamhudumia msafiri mmoja na familia yake. Hiace inayoingia na kutoka ikiitumia nafasi hiyo hiyo, inashusha abiria kumi na zaidi kila inapokuja. Kwa mji ambao wengi wetu tunafika stesheni kwa daladala, bajaji, bodaboda au kwa miguu, jibu la nani atangulie mimi ninaliona waziwazi.

Hata hivyo siwezi kumpuuza mtu wa Kasulu au Buhigwe. Yeye hana daladala ya usiku ya kumrudisha kwao. Akishuka na watoto na mizigo, gari lake ndilo usafiri wake, na akiambiwa hakuna pa kuliacha ataliacha kando ya barabara, mbele ya duka la mtu, chini ya ulinzi wa kijana aliyepatana naye kwa maneno matupu. Huyo anastahili eneo la kulaza gari lenye uzio, taa, mlinzi na risiti. Ila liwe nyuma ya stesheni au umbali wa kutembea, na alipie kwa siku, kwa sababu ardhi hiyo ni ya umma na mpanda bajaji naye ameilipia kodi.

Mahali pa stesheni penyewe napo ni jambo zito. Morogoro, abiria wa reli ya kisasa anashukia Kihonda, wala si pale katikati ya mji alipozoea kupanda treni ya zamani. Stesheni ikisogea mbali na watu, kila mmoja anatafuta gari: mwenye nalo analiendesha, asiye nalo anakodi kwa bei ya usiku. Kwa hiyo anayetaka kupunguza shida ya maegesho aanze na njia za daladala. Treni ikiingia usiku wa manane, ziwepo gari za Mwanga na Ujiji zinazoisubiri, zenye kituo chao halali mlangoni.

Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji na Shirika la Reli wanaweza kuanza na stesheni ya sasa bila kungoja reli mpya. Rangi ya kuchora mistari haina gharama kubwa: sehemu ya kushusha ya dakika kumi, mstari wa bajaji, kituo cha daladala, njia ya mchukuzi na mkokoteni wake isiyozibwa na gari la mtu yeyote, awe kiongozi au mwananchi. Kwa stesheni mpya, waje Mwanga na ramani mkononi, watuonyeshe mbele ya jengo kutakuwa na nini. Na sisi wakazi tuhudhurie mikutano hiyo tuulize, kwa sababu zege likishamwagwa, hakuna wa kulihamisha.