Kisigino cha Mtoto na Gurudumu la Baisikeli

Msomaji mpendwa, ikiwa baisikeli yako iko karibu, ondoka kwanza uitazame. Tazama gurudumu la nyuma, pale ambapo mtoto wako huning'iniza miguu. Je, unaona nini? Ukiona spoki tupu, zile nyuzi za chuma zinazoshika gurudumu, na hakuna kitu kinachozifunika, basi maneno haya ni yako.

Sisi watu wa Kisangani hatuwezi kuisema baisikeli vibaya. Kinga, kama wengi wetu tunavyoiita, imetulisha. Katika miaka ya 1990, na katika miaka ya vita iliyofuata, mafuta ya gari yalipokuwa haba na barabara kuharibika, vijana wetu walifunga mto laini juu ya keria wakaanza kubeba watu kwa malipo. Ndiyo toleka, neno la Kilingala, maana yake tupite. Wengi walilipa karo ya shule kwa toleka. Baadaye pikipiki zilikuja zikachukua abiria wengi, lakini baisikeli haikuondoka. Bado inaingia mjini kwa njia ya Buta na kwa njia ya Ituri, imebeba makala, ndizi na sombe. Na mara nyingi juu ya mzigo, au mahali pa mzigo, ameketi mtoto.

Mimi ni munganga wa vidonda. Nimekaa miaka mingi katika chumba cha kufungia vidonda, nami nakuambia, mguu wa mtoto ulioingia katika gurudumu ninaujua kabla mama hajafungua kitambaa.

Sikiliza jinsi inavyotokea. Mtoto wa miaka mitatu au minne ameketi nyuma. Miguu yake ni mifupi, haifiki popote. Njia ni ndefu, mtoto anasinzia, au anageuka kumtazama mbwa, na mguu mmoja unaingia ndani. Gurudumu linauchukua mpaka kwenye chuma cha fremu, na hapo kisigino kinasagwa kati ya spoki na chuma. Baba aliye mbele anasikia uzito kidogo. Anadhani ni mchanga, naye anakanyaga pedali kwa nguvu zaidi. Tafadhali soma tena maneno hayo. Anakanyaga kwa nguvu zaidi.

Na kidonda chenyewe kina hila. Siku ya kwanza huenda utaona ngozi imechubuka tu nyuma ya kisigino au kwenye kifundo, na damu si nyingi. Watu husema, "Si kitu, ataponea nyumbani." Lakini nyama ya ndani imepondwa, na ngozi imekatwa na njia zake za damu. Siku ya tatu au ya tano ngozi ile inakuwa nyeusi, inakufa, inatoka, na chini yake unaona ule mshipa mkubwa unaoinua kisigino tunapotembea. Mara nyingine mfupa pia umevunjika na hakuna aliyejua, kwa kuwa mtoto mdogo hawezi kueleza.

Niliwahi kumpokea msichana wa miaka minne siku ya sita. Kidonda kilikuwa kimewekwa majivu, na baada ya majivu, maji ya betri. Alikaa wodini wiki nyingi. Tulimwosha kila siku, na kila siku alianza kulia aliposikia magurudumu ya kigari cha dawa mlangoni. Baba yake alikuwa mtu mwema, mwimbaji wa kanisa. Ndugu zake walimwambia ya kwamba ni shangazi mmoja aliyemloga mtoto kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Kwa hiyo mtoto alikuwa na kidonda kimoja, na jamaa ikapata cha pili.

Nilimwomba baba alete baisikeli yake. Tuliiegemeza ukutani, nikaleta ndizi mbichi, nikaiingiza kati ya spoki, nikamwambia azungushe pedali kwa mkono, polepole. Aliona ndizi ilivyofanywa. Akanyamaza. Kisha akasema, "Munganga, basi ni mimi." Nikamjibu kwamba mwanangu mwenyewe, miaka mingi nyuma, gurudumu langu lilimvua kiatu. Kiatu kilipasuka, mguu ukabaki mzima. Kama siku ile angekuwa bila viatu, ningekuwa nimekaa mahali alipokaa yeye. Mimi munganga, niliyejua.

Kwa hiyo sikubali watu wakisema ni bahati mbaya, na uchawi nausikia kwa huzuni. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuzungushia dari yake ukingo, mtu asianguke kutoka huko na damu ikawa juu ya nyumba yake. Tazama, haikusemwa kwamba aliyeanguka amelogwa. Mwenye nyumba anaulizwa habari za ukingo. Nami naona mwenye baisikeli aulizwe vilevile.

Utasema, "Munganga, kiti cha mtoto cha dukani ni bei kubwa." Ni kweli, wala sikutumi dukani. Huko Uholanzi, nchi ya baisikeli nyingi kuliko watu, sheria inataka mtoto aliye chini ya miaka 8 aketi mahali penye kushika mgongo, mikono na miguu yake. Na tangu zamani baisikeli nyingi za wanawake wa huko zilifunikwa gurudumu la nyuma kwa kitambaa kigumu au wavu, ili nguo isinaswe. Wavu! Sisi tunaokaa kando ya mto, tutashindwa na wavu? Kata ubao mwembamba, au plastiki ngumu ya bidoni kuukuu, uifunge kwa waya kwenye vyuma vya keria pande zote mbili, ifunike spoki kutoka juu mpaka chini ya miguu ya mtoto. Kisha mwambie fundi wa kuchomelea vyuma akuwekee vipande viwili vya kukanyagia, vipimwe kwa urefu wa miguu ya mtoto wako. Vile vya abiria mkubwa havimfai, kwa maana havifikii. Na awe na kitu cha kushika mbele yake kisicho shati lako, na cha kuegemea mgongo, kwa sababu atasinzia. Mtoto ambaye bado hawezi kuketi imara peke yake hapaswi kuwekwa juu ya keria kabisa, hata akifungwa kwa kitenge.

Ikiwa bado hujafanya hayo, mtoto atembee, nawe usukume baisikeli kando yake. Najua kutoka Mangobo mpaka Makiso kwa hatua za mtoto ni mbali. Tokeni mapema.

Na wewe mama unayepanda toleka na mtoto mgongoni: ukiketi upande, miguu ya mtoto na ncha za kitenge zinaelekea gurudumu. Kusanya nguo mbele, uifunge vizuri, mwambie kijana aende taratibu. Akikasirika, shuka. Wako wengine. Lakini usipande na mtoto mgongoni na wa pili mapajani, kwa maana ukianguka utamkamata yupi?

Basi mguu ukinaswa, simamisha baisikeli mara moja, wala usiuvute mguu. Mtu mmoja amshike mtoto asijitupe, mwingine arudishe gurudumu nyuma polepole, au akate spoki kwa koleo. Spoki zinanunuliwa tena. Osha kidonda kwa maji safi mengi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, mlaze mtoto mguu ukiwa juu kidogo. Usiweke majivu, wala udongo, wala mafuta ya taa, wala dawa ya meno, wala maji ya betri. Asikanyage mguu ule. Umlete hospitali au kituo cha afya siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo machoni pako, ili tutazame ngozi na mfupa, na turudie kuvitazama siku zinazofuata.

Njoo na karatasi yake ya chanjo. Chanjo inayozuia pepopunda, mtoto huipata pamoja na nyingine akiwa na wiki 6, 10 na 14, na munganga atataka kujua kama alimaliza zote. Ikiwa karatasi imepotea, njoo hivyo hivyo, usipoteze saa kwa kuitafuta.