Kwasari haina cheti cha kuzaliwa

Mfanyabiashara anayenunua maharagwe sokoni Nakivale haulizi tarehe ya mavuno. Anatia mkono guniani, anaangalia rangi, anauma punje moja. Maharagwe yaliyokaa sana hukoza rangi na kuwa magumu. Dalili hizo zinamtosha kukata bei.

Wanaastronomia nao hufanya hivyo. Kwasari ni kiini cha galaksi ya mbali, ambamo shimo jeusi linavuta gesi, nayo gesi inawaka kuliko nyota zote za galaksi hiyo. Mwanga wake ukitawanywa kama upinde wa mvua, huonekana mistari angavu, kila elementi na mistari yake. Mwaka 1992 Todd Boroson na Richard Green walionyesha kuwa mistari ya chuma ikiwa na nguvu, ile ya oksijeni huwa hafifu. Na kinyume chake. Baadhi ya watafiti wanausoma mpangilio huo kama dalili ya umri: chuma kikizidi, shimo linakula kwa pupa na kwasari ni changa, oksijeni ikizidi, ulaji umepungua na kwasari imekomaa. Ni makadirio, lakini yana vipimo.

Fizikia ya anga inafundishwa Mbarara, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Nakivale haiko mbali, na vijana wake wametoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia. Wapo waliokimbia vita bila vyeti vya shule. Mlango wa chuo unadai karatasi, na karatasi iliungua pamoja na nyumba.

Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliitangaza jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo litakuwa na maana kijana huyo atakapopewa mtihani wa kumpima, badala ya kurudishwa kwa sababu ya karatasi.

Watasema wadanganyifu watapenya. Lakini cheti ndicho kinachoghushiwa kwa urahisi. Hesabu iliyokokotolewa mbele ya msimamizi haighushiki. Wafanyabiashara wanaovuka mipaka kila wiki, ambao watoto wao nao huhama shule na mitaala, wana sababu ya kulidai hili kupitia vyama vyao. Ikiwa umri wa kwasari unakadiriwa kwa mwanga wake tu, elimu ya kijana aliyeketi mbele ya mwalimu haishindikani kupimwa.