"Ile Hela Nitumie kwa Namba Hii"

Tanzania utapeli huu umezeeka mpaka watu wanautania. Huku Uingereza una pacha wake, anaingia kwa WhatsApp: "Mama, simu yangu imeharibika, hii ndiyo namba yangu mpya." Tapeli hakujui hata kidogo. Anabahatisha tu kwamba kuna hela mtu anaisubiri. Na kwetu sisi, jamani, lini haikuwepo? Ada ya binamu, dawa za bibi, bati za ile nyumba isiyoisha.

Juzi nilikaa na mama tukakubaliana: namba ikibadilika, kwanza piga ile ya zamani. Haipatikani? Mpigie mtu mwingine wa nyumbani. Mama akanuna. "Nimhoji shangazi yako kama polisi?" Aibu hiyo hiyo ndiyo mtaji wa tapeli, maana sisi tumelelewa kutomuuliza mkubwa maswali.

Halafu kuna hili, wengi hawalijui. Tangu 7 Oktoba 2024, ukirubuniwa ukahamisha hela mwenyewe, mara nyingi benki ya hapa inatakiwa ikurudishie, hadi pauni 85,000. Lakini ni kwa malipo ya ndani ya Uingereza tu. Ukituma Dar au Mombasa, kinga hiyo haikufuati. Yaani hela tunazotuma kwa mapenzi zaidi ndizo zisizo na mlinzi.

SMS ikikutia shaka, iforwadi kwa 7726, ni bure. Na anayepiga akisema yeye ni benki, kata simu, kisha piga 159 uunganishwe na benki yako yenyewe.