Mbwa wa Kuokota Apewe Nyumba Yenye Kazi

Kiswahili kimempa mbwa asiye na mwenyewe jina la kwake: mbwa koko. Koko ni kichaka, hasa kile cha mikoko kando ya maji, na mbwa koko ndiye akaaye humo, usiku akila makombo yetu na mchana akikimbia mawe yetu. Mwenyeji wa Kau hana haja ya kufunuliwa maana ya jina hilo. Kau ni kijiji cha kale cha biashara kando ya Mto Ozi, katika eneo la Garsen, juu kidogo ya Kipini ambapo mto huo unaingia baharini, na vichaka vya mikoko si vigeni kwake.

Wako watu wenye huruma, hasa vijana, ambao wakimwona mbwa wa aina hiyo amevunjika mguu, au amebaki peke yake baada ya mafuriko, humwokota, wakampa maji na ugali na kumfunga kidonda. Jambo hilo ni jema, wala si la kuchekwa. Lakini swali linalonishughulisha ni la siku ya pili yake: mbwa huyo akishaokotwa, anapelekwa wapi? Aghalabu hupewa mtu wa kwanza atakayesema, "Nipe mimi." Hapo ndipo wema unapoharibika. Mimi nasema kwamba mbwa aliyeokolewa ni amana, na amana haikabidhiwi mtu kabla ya kuijua nyumba yake. Tena, kwetu pwani, nyumba inayomfaa ni ile yenye kazi ya kumpa.

MAJI YANAPOPANDA

Tuanze na asili ya mbwa hawa. Nchi ya Tana ya chini ni nchi ya mafuriko. Maji ya El Nino ya 1997 na 1998 hayajasahauliwa. Yakaja ya 2018, yakaja ya mwisho wa 2023, na kabla watu hawajakauka vizuri yakaja tena ya Aprili na Mei 2024. Mto ukivunja kingo, mashua huchukua watoto na wazee, kisha magodoro, kisha mbuzi na kuku. Mbwa huwa wa mwisho, na wa mwisho mara nyingi hana nafasi.

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, na ni kweli, kwani huogelea mpaka apate kichuguu cha kusimama. Lakini kuokoka na maji si kuokoka na njaa. Mwenyewe yuko kambini, kijiji kimekuwa matope, na mbwa aliyezoea kulinda ua sasa hana budi kuiba. Miezi miwili haipiti ila amekwisha kuwa mbwa koko, na akizaa, wanawe hukua bila ya kuujua mkono wa binadamu.

Wamarekani walilipata somo hilo kwa machungu. Mwaka 2005, tufani ya Katrina ilipoupiga mji wa New Orleans, wapo waliokataa kuondoka majumbani mwao kwa sababu waokoaji hawakukubali kuchukua wanyama wao. Mwaka uliofuata, 2006, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kutaka wanyama wa nyumbani nao waingizwe katika mipango ya kuhamisha watu wakati wa maafa. Sisemi kwamba Kau iige kila la New Orleans. Nasema tu kwamba mpango wa mafuriko usiomtaja mbwa ndio unaozaa mbwa koko wa mwaka ujao.

DINI IMESEMA NINI

Najua jibu litakalotolewa barazani: "Mbwa ni najisi, na mambo hayo ni ya Wazungu." Wakazi wengi wa Kau ni Waislamu, na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo sina ugomvi nalo. Mtu asilazimishwe kumwingiza mbwa ukumbini mwake ili apate kuitwa mwenye huruma. Wahenga wenyewe walionya kwamba ukimzoea mbwa atakufuata hata msikitini.

Lakini najisi ni hukumu ya kuosha, si ruhusa ya kutesa. Katika Hadithi alizozikusanya Bukhari imo habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu, na kwa tendo hilo Mwenyezi Mungu akamsamehe. Sura ya Al-Kahf nayo inamtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni, aliyelala amenyoosha miguu yake kizingitini. Tuangalie vizuri mahali alipo. Hayumo kitandani, wala hakutupwa msituni. Yuko mlangoni, mahali pa mlinzi. Na mafundisho yale yale yanayokataza kufuga mbwa bila sababu yametoa ruhusa kwa mbwa wa mifugo, mbwa wa kuwindia na mbwa wa shamba.

Katika kazi hizo tatu, ya uwindaji ilifungwa na serikali ya Kenya mwaka 1977 ilipoupiga marufuku. Zimebaki mbili, mifugo na shamba, nazo ndizo riziki yenyewe ya watu wa Tana. Apandaye mpunga, mahindi na ndizi hushindana na nyani, tumbili na nguruwe mwitu. Mwenye zizi hulala akisikiliza fisi. Pasipo mbwa, mlinzi wa shamba ni mtoto, na saa za nyani ndizo saa za shule.

Mfano wa mnyama kuheshimiwa kwa kazi yake hauko mbali. Huko Lamu, mwaka 1987, shirika la Uingereza lililoasisiwa na Bibi Elisabeth Svendsen lilifungua kituo cha kuwatibu punda bila malipo. Mtu wa Lamu hahitaji hotuba ndefu ili ampeleke punda wake kutibiwa, maana anajua ni nani aliyembebea mawe ya nyumba yake. Mbwa naye akionekana kazini, heshima itamfuata.

KULEA KABLA YA KUTOA

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mbwa aliyeokolewa naye atapewa jembe, ila siku zake za ugeni ni nyingi zaidi. Kati ya kumwokota na kumkabidhi kwa mwenyewe mpya, hapana budi apatikane mlezi wa muda, mtu atakayekaa naye wiki kadhaa na kumsoma.

Jambo la kwanza ni afya. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao dalili zake zikishatokea kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na karibu kila anayeupata huwa ameupata kwa mbwa. Mpango wa taifa uliotangazwa mwaka 2014, wenye lengo la kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030, ulikadiria kwamba watu wapatao 2,000 hufa nchini Kenya kila mwaka kwa ugonjwa huo. Na ugonjwa unaweza kujificha katika mwili wa mbwa kwa wiki, hata kwa miezi. Kwa hiyo anayemwokota mbwa leo na kumgawa kesho anampa jirani kitu ambacho yeye mwenyewe hajakijua. Mbwa achanjwe, apewe dawa ya minyoo, atolewe kupe, na ahasiwe daktari wa mifugo akipatikana. Mlezi naye akiumwa, aoshe kidonda kwa maji na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona.

Jambo la pili ni tabia. Je, akiona kuku humfukuza? Akiwa na mbuzi hutulia? Mtoto akimkaribia wakati anakula, hunguruma? Akiona fimbo hujikunyata kwa hofu au hurukia mkono? Usiku hubweka akisikia kitu, au hubweka ovyo mpaka mtaa mzima ukeshe? Mbwa mwoga asipelekwe zizini kupambana na fisi, na mbwa mwenye tamaa ya kuku asipelekwe kwa mama anayefuga kuku. Mambo haya hayajulikani kwa siku moja. Watoto wa mbwa nao wasitengwe na mama yao kabla ya wiki nane, hata kama wanaowataka wamepanga foleni.

Jambo la tatu, ambalo ndilo kubwa, ni nyumba. Mlezi asione haya kuuliza. Unamtakia kazi gani? Atalala wapi mvua ikinyesha? Ukienda kuvua siku tano, nani atamlisha? Mkeo amekubali? Mama mzazi uliye naye nyumbani anasemaje? Jirani aendaye msikitini alfajiri atapita njia gani? Maji yakipanda, utaondoka naye? Ajibuye maswali hayo kwa hasira amekwisha kujibu.

Wako watu ambao haifai wapewe kabisa. Yupo amtakaye mbwa ili amfunge mnyororo usiku na mchana apate kuwa mkali. Yupo anayemtaka kwa kuwa mtoto amelia, na mtoto akinyamaza, mbwa hana kazi tena. Yupo anayetaka kwenda kuwinda kwa siri. Na yupo mtu mwema kabisa ambaye nyumba yake imebanana na nyumba za wenziwe, mlango kwa mlango. Huyo tumshukuru kwa nia yake, lakini tumwambie hapana, kwa sababu ugomvi wa majirani ukianza, atakayelipa ni mbwa.

Tena mwezi mmoja ukipita, mlezi aende akatazame. Akikuta mambo yameharibika, mbwa arudishwe bila ya kulaumiana. Nyumba isiyoruhusiwa kurudisha mbwa humtupa usiku, naye huyo anarudi pale pale alipotoka, kokoni, ila safari hii amekwisha kumchoka binadamu.

NANI ABEBE MZIGO

Wako watakaouliza: watu wenyewe hawajashiba, mbwa wa nini? Nami nitawauliza: mbwa asiyelishwa na mtu mmoja analishwa na nani? Analishwa na kijiji kizima, kwa mayai yaliyoibwa, kwa vifaranga vilivyoliwa, na pengine kwa mguu wa mtoto ulioumwa. Wengine husema watiwe sumu, yaishe. Hayaishi. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba kuwaua mbwa kwa wingi hakukomeshi kichaa. Kinachokikomesha ni kuchanja, angalau mbwa 70 katika kila 100. Anayewatia sumu huwaua na wale waliokwisha kuchanjwa, na mzoga wenye sumu humwua na tai na mnyama mwingine yeyote ajaye kuula.

Jijini Nairobi, mtaa wa Karen, kipo chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, KSPCA, ambacho asili yake ni mwaka 1910, kinachopokea mbwa na kuwatafutia nyumba. Kazi yake ni njema, lakini Karen iko mbali na Kau, na nyumba ya Karen si nyumba ya Kau. Sisi tunahitaji mpango wa kwetu, na mwenye wajibu anajulikana. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya kuwadhibiti wanyama na kuangalia hali zao njema, pamoja na leseni za mbwa na mahali pa kuwahifadhi na kuwatunza wanyama. Haikusema kaunti za mijini peke yake. Kaunti ya Tana River nayo imo.

Wala hatuombi jumba. Tunaomba siku ya chanjo inayofika mpaka Kau, Ozi na Kilelengwani, wala isiishie Garsen mjini. Tunaomba daftari moja kwa afisa wa mifugo, upande mmoja majina ya walezi wa muda, upande wa pili majina ya wakulima na wafugaji wanaohitaji mbwa wa kazi. Tunaomba mashua ya mafuriko iwe na kamba na nafasi ya mbwa. Na maimamu wetu, ambao watu huwasikiliza kuliko afisa yeyote, waseme wazi wazi yaliyo haramu na yaliyo halali katika jambo hili, ili mwenye huruma asionekane kafiri na mkatili asijifiche nyuma ya dini.

Huruma ya kumtoa mbwa majini huchukua saa moja. Huruma ya kumtafutia mlango wa kulala na shamba la kulinda huchukua wiki, na hudai maswali, miguu na subira. Asiyeweza hiyo ya pili amwite anayeweza, kabla hajamfungua mbwa kamba na kumkabidhi mpita njia.