Utabiri wa jana usomwe mwaloni

Nina ombi moja kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kwa viongozi wa vikundi vya usimamizi wa mialo (BMU) na kwa redio zetu za Mara. Utabiri wa Ziwa Victoria uliotolewa jana jioni usomwe tena leo asubuhi, hadharani, pamoja na taarifa ya kilichotokea kweli usiku ule majini.

Nilifundisha jiografia sekondari mpaka nilipostaafu. Siku hizi nina mtumbwi wa dagaa na chanja za kuanikia hapa Mwigobero, mjini Musoma, kwa hiyo hali ya hewa inanigusa usiku na mchana. Dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka, bei ya ndoo inaporomoka na mzigo unaishia kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Hiyo ni hasara. Yanayoweza kuwapata vijana wanaowavua hayaitwi hasara.

Uvuvi wa dagaa na dhoruba za ziwa hili vimepangiwa saa zilezile. Dagaa hufuata taa, kwa hiyo huvuliwa siku za giza, mwezi usipoangaza. Mitumbwi huondoka jua likizama na kurudi asubuhi. Dhoruba nazo hupenda kukomaa majini kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, na sababu yake naweza kuieleza kama nilivyoieleza darasani. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yenye unyevu ikatoka ziwani kwenda bara, ikapanda kwenye miinuko ya Tarime, Kisii na Mau. Huko ndiko mawingu ya radi hujengeka alasiri. Usiku mambo hugeuka: bara hupoa, hewa baridi huteremka kutoka milimani kuelekea ziwani, ambako maji bado yana joto. Hewa ya mashariki ikikutana na ya magharibi juu ya maji, haina pa kwenda ila juu. Mvuke ni tele, na kabla hakujapambazuka kuna radi, upepo wa ghafla na mawimbi.

Wazee wa Kijita na Kikwaya hawakuhitaji somo langu. Waliangalia mawingu upande wa Tarime alasiri, ndipo wakaamua kama mtumbwi utoke. Mwaka 2017 timu ya watafiti iliyoongozwa na Mbelgiji Wim Thiery ilichapisha matokeo yanayokwenda njia hiyo hiyo. Baada ya kuchambua picha za satelaiti za miaka kadhaa, walionyesha kwamba wingi wa dhoruba za alasiri juu ya nchi kavu inayolizunguka ziwa husaidia kukisia ukali wa dhoruba za usiku ziwani. Maana yake kwa mvuvi ni kubwa: dalili muhimu ya usiku wa leo tayari imeonekana mchana wa leo, kabla hajafungua kamba. Anayetaka kujua usiku utakuwaje hana budi kuanza kwa kutazama saa chache zilizopita.

Kuna jambo linalotupoteza sisi wa Musoma. Dhoruba nyingi huelekea magharibi, kwa kuwa upepo wa jumla huvuma kutoka mashariki. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Sisi hatupati hata nusu yake. Kwa hiyo mtu anaweza kulala Mwigobero, akaamka ua wake ukiwa mkavu, akaapa kwamba utabiri ulikuwa uongo, kumbe saa tisa usiku mitumbwi iliyokuwa mbali na pwani ilikuwa ikipigwa. Mvua ya uani si kipimo cha ziwa.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika. Mwanza ipo rada ya hali ya hewa. Kati ya 2017 na 2021 mradi wa HIGHWAY, ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza, ulizikutanisha mamlaka za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, na utabiri wa ziwa ukaanza kutolewa kwa maeneo, ukieleza upepo, mawimbi na radi. Tathmini ya mradi ilisema vifo vya kuzama vinavyosababishwa na hali ya hewa vilipungua kwa takriban asilimia 30. Kwa ziwa ambamo maelfu ya watu hukadiriwa kufa maji kila mwaka, hiyo ni kazi ya kuheshimiwa.

Kilichobaki ni imani, na imani haiji kwa kutangaza zaidi. Mamlaka hutangaza usahihi wa utabiri wa msimu kwa asilimia, na mara nyingi asilimia hizo huzidi 80. Nafurahi kuzisikia. Lakini asilimia ya msimu kwa nchi nzima haimwambii mvuvi kama onyo la Jumanne kwa upande wetu wa ziwa lilitimia. Yeye anakumbuka usiku mmoja tu: ule alioambiwa asitoke, akatii, jirani akatoka na kurudi na mtumbwi uliojaa. Usiku huo mmoja unafuta maonyo mengi yaliyotimia.

Kila usiku wa utabiri una matokeo manne. Watabiri walisema dhoruba, ikaja. Walisema shwari, ikawa shwari. Walisema dhoruba, haikuja. Walisema shwari, dhoruba ikaja. Haya mawili ya mwisho yote ni makosa, ila hayalingani. La kwanza linagharimu mapato ya usiku mmoja wa giza, na kwa familia inayokula kwa mapato hayo si kitu kidogo. La pili linagharimu watu. Mtabiri mwenye busara atakubali kukosea mara nyingi kwa upande wa kwanza ili asikosee upande wa pili, na mvuvi aliyeonyeshwa hesabu hiyo mwezi hata mwezi ataelewa kwa nini baadhi ya maonyo hupita bila tone. Asiyeonyeshwa atasema wanakisia.

Si sisi pekee tunaoishi na hali ya hewa inayotengenezwa na milima. Mji wa Denver, Marekani, uko chini ya milima ya Rocky, na Machi 2003 uliangukiwa na theluji ya takriban sentimita 80 katika siku chache. Theluji nzito za pale huja baridi inapokaribia kwisha, upepo wa mashariki wenye unyevu unaposukumwa kupanda milima. Joto likizidi kwa nyuzi chache tu, ileile iliyotabiriwa kuwa theluji inashuka kuwa mvua, na mitaa miwili ya jirani hupata vitu viwili tofauti. Katika jimbo hilohilo, mwaka 1997 mafuriko yaliua watu watano mjini Fort Collins. Upande mmoja wa mji ulipigwa na mvua ya kutisha huku mwingine ukipata kidogo tu. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado kikaanzisha mtandao wa raia wa kujitolea wanaopima mvua, mvua ya mawe na theluji majumbani mwao na kutuma vipimo. Leo mtandao huo una maelfu ya wapimaji. Waanzilishi wake waliona kwamba rada na satelaiti, pamoja na uzuri wake, zinahitaji shahidi aliyeko chini.

Mashahidi wetu wanarudi mwaloni kila asubuhi, wamelowa, na hakuna anayewauliza kitu zaidi ya ndoo ngapi.

Tunakumbuka kuuliza pale maiti zinapotafutwa. Mwishoni mwa Julai 2023, watu waliokuwa wakitoka ibadani walizama Mchigondo, wilayani Bunda, na zaidi ya kumi wakafariki. Baada ya misiba ya namna hii, mazungumzo ninayoyasikia mwaloni ni ya makoti ya kuokolea na wingi wa abiria. Ni mazungumzo ya lazima. Ningependa swali la tatu liongezwe: jioni iliyotangulia, utabiri ulisemaje, na nani aliusikia?

Ninachopendekeza hakihitaji mfadhili. Kila mwalo uwe na ubao wenye safu mbili. Jioni, kabla mitumbwi haijatoka, mtu wa BMU aandike utabiri wa eneo letu. Asubuhi aulize manahodha wachache mambo manne: dhoruba ilianza saa ngapi, mlikuwa wapi, upepo ulitoka wapi, mawimbi yalifika wapi ubavuni mwa mtumbwi. Ajaze safu ya pili. Mwisho wa mwezi ahesabu matokeo yale manne, nakala iende kituo cha hali ya hewa cha Musoma, na redio zisome hesabu hiyo kama zinavyosoma matokeo ya mpira. Abiria wa Kinesi nao, wanaovuka ghuba ya hapa Musoma kila siku, watafaidika.

Wapo watakaosema kwamba kuandika makosa hadharani kutaishushia Mamlaka heshima. Makosa hayo tayari yanahesabiwa vijiweni, tena kwa chuki na bila kumbukumbu. Ubao utahesabu na yaliyotimia. Wengine watasema mvuvi atatoka tu hata akionywa, kwa sababu ana njaa. Hapa nasema kama mwenye mtumbwi: mara nyingi anayeamua si mvuvi, ni tajiri aliyelala nyumbani. Ubao ukiwepo, tajiri hawezi kusema hakujua, na kijana aliyekataa kutoka usiku wa onyo atakuwa na kitu cha kumwonyesha.

Timu hiyohiyo ya Thiery ilionya mwaka 2016 kwamba dunia ikiendelea kupata joto, mvua kali kupindukia zitaongezeka ziwani kwa kiwango kinachofika mara mbili ya nchi kavu inayolizunguka. Vijana wanaojifunza uvuvi leo watakutana na ziwa kali kuliko la babu zao, na alama walizorithi hazitatosha peke yake.

Kwa upande wa Mwigobero, ubao na chaki nitatoa mimi. BMU watoe mwandishi mmoja anayeweza kuamka alfajiri, na Mamlaka itume mtu wa kusoma hesabu ya mwezi wa kwanza mbele ya wavuvi, ikiwemo mistari itakayoonyesha kwamba walikosea. Tuanze giza lijalo.