Mzigo Unaotoka Maskati

Kwa jamaa walioko Unguja, Pemba na mwambao mzima,



Katika mambo yanayowaunganisha Waswahili wanaoishi Omani na jamaa zao wa nyumbani, hakuna linaloonekana kwa macho kama mzigo unaobebwa na msafiri, na tangu familia nyingi zenye asili ya Zanzibar zilipohamia Maskati baada ya mwaka 1970, mzigo huo haukosi halua, tende, biskuti na juisi ya unga. Hufungwa kwa mapenzi, na mara nyingi hupelekwa kwa wazee, ambao ndio hasa wanaozidi kuugua kisukari. Barua hii inaandikwa ili mzigo huo ubadilike, na pamoja nao ubadilike mtazamo kwamba chakula cha heshima ni lazima kiwe kitamu.

Kisukari ni maradhi ambayo glukosi, yaani sukari nyepesi inayosafirishwa na damu ili mwili upate nguvu, hubaki juu kupita kiasi, ama kwa sababu kongosho haitoi insulini ya kutosha, ama kwa sababu mwili hauiitikii ipasavyo insulini iliyopo. Insulini ni homoni inayoifungulia glukosi njia ya kuingia katika seli, kwa hiyo inapopungua au inapokosa nguvu, sukari hujaa katika damu huku seli zikibaki na njaa, na kwa miaka mingi hali hiyo huharibu macho, figo, mishipa ya fahamu na mishipa ya moyo. Kwa makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya mwaka 2021, ukanda wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini ndio uliokuwa na kiwango kikubwa kuliko kanda zote, asilimia 16.2 ya watu wazima, ilhali katika Afrika zaidi ya nusu ya wenye maradhi haya hawakuwa wamegunduliwa. Walioko Ghuba wameona maradhi haya yakiingia nyumba baada ya nyumba pamoja na gari, kazi ya kukaa na meza iliyojaa, na hawapendi kuona nyumbani kukifuata njia hiyo hiyo.

Jina la ugonjwa wa sukari lenyewe limewapotosha wengi. Mgonjwa huacha sukari katika chai, akatulia moyo kwamba ametimiza masharti, kisha akala sinia la wali, kwa kuwa wali hauna ladha ya sukari. Ukweli ni kwamba wanga, yaani sehemu ya chakula inayopatikana kwa wingi katika nafaka, mihogo, ndizi na viazi, husagwa tumboni ukawa glukosi, na kikombe kimoja cha wali mweupe uliopikwa hubeba takriban gramu 45 za wanga, ambazo ni nyingi kuliko gramu 32 hivi za sukari zilizomo katika chupa ya soda ya mililita 300. Haina maana kwamba wali ni haramu kwa mgonjwa. Maana yake ni kwamba wali unahesabiwa.

Hapo ndipo desturi ya kula sinia moja inapohitaji kufikiriwa kwa upole, kwa sababu ni desturi njema, inayomfundisha mtoto adabu ya kula mbele yake na inayomfanya mgeni ajione mwenyeji, lakini anayekula katika sinia hajui amekula kiasi gani, hasa pale mwenzake anapomsogezea minofu na wali kwa ukarimu. Hakuna haja ya kumtenga mgonjwa mkekani. Apakuliwe sahani yake kabla ya sinia kuwekwa chini, nusu ya sahani ikiwa mboga, robo ikiwa samaki, kuku au kunde, na robo iliyobaki ikiwa wali au ugali, kisha akae palepale na wenzake. Ikiwezekana aanze na mboga na samaki, wali auache mwisho, kwani utafiti umeonyesha kwamba mpangilio huo hupunguza kasi ya kupanda kwa sukari baada ya mlo.

Kinachotia uchungu ni kwamba chakula kinachofaa kipo nyumbani, na ndicho kinachoachwa kikionekana cha kimaskini. Dona, unga wa mahindi yaliyosagwa bila kukobolewa, hubaki na pumba yenye nyuzinyuzi, ile sehemu ya mmea isiyosagika tumboni, inayochelewesha glukosi kuingia katika damu, ilhali sembe nyeupe imevuliwa pumba hiyo. Mchicha, matembele, kisamvu na bamia hushibisha bila kuongeza wanga mwingi. Choroko, kunde na mbaazi zina protini na nyuzinyuzi pamoja, kwa hiyo mlaji wa mbaazi na mahamri asubuhi atafanya vyema kuongeza mbaazi na kubaki na hamri moja, na mpishi atumie tui la pili badala ya kasimile, kwani mafuta mazito ya nazi humwongezea mzigo mtu ambaye moyo wake tayari umo hatarini. Asali na sukari guru, zinazosifiwa kuwa za asili, hupandisha sukari vilevile. Tunda lizima ni bora kuliko juisi yake, na juisi ya miwa haimfai mgonjwa hata kidogo, isipokuwa pale sukari yake inaposhuka ghafla.

Kushuka huko kunastahili kujulikana na kila mtu nyumbani, si mgonjwa peke yake. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge akipunguza chakula bila kumwambia daktari, sukari inaweza kushuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, akatokwa na jasho, akatetemeka na kuchanganyikiwa, na hapo hupewa vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, lakini aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, bali akimbizwe hospitali. Katika Ramadhani hatari hiyo huongezeka. Mgonjwa anayetaka kufunga aonane na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, apime sukari mchana, kwa kuwa kuchoma kidole hakufunguzi saumu, na afuturu mara moja ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.6. Dini imemruhusu mgonjwa kula. Futari nayo ianze kwa maji na tende moja, kisha supu na samaki, na muhogo au viazi vya nazi viwe vipande vichache.

Kuhusu mzigo, jamaa wa Maskati wanaombwa wapunguze halua, ambayo ni sukari, wanga na samli vilivyopikwa pamoja, wapeleke mashine ya kupimia sukari na vipande vyake vya kupimia, vile vidogo vinavyopakwa tone la damu, kwa kuwa wagonjwa wengi wana mashine iliyolala kabatini baada ya vipande kwisha. Walio nyumbani nao wanaombwa kabla ya msafiri kuondoka watume picha ya mashine waliyonayo, jina na namba yake zikisomeka, kwa sababu vipande vya mashine moja kwa kawaida havifanyi kazi katika nyingine, na msafiri aangalie tarehe ya kwisha muda iliyochapwa kwenye kichupa cha vipande kabla ya kulipa.