Wakili aliyejitetea mwenyewe

Kabla ya kuwa mbunge, Tundu Lissu alikuwa wakili wa wanyonge. Akiwa LEAT, chama cha wanasheria wa mazingira, aliwatetea wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu waliofurushwa kumpisha mwekezaji. Bungeni aliingia 2010, akiiwakilisha Singida Mashariki, na tabia ya mahakamani hakuiacha mlangoni: alisimama na vifungu vya sheria mkononi, akibishana neno kwa neno.

Machi 2017 mawakili wa Tanganyika walimchagua kuwa rais wa chama chao. Septemba 7 mwaka huohuo, akirejea nyumbani Dodoma kutoka bungeni, alimiminiwa risasi akiwa ndani ya gari lake. Zilizompata ni 16. Akatibiwa Nairobi, kisha Ubelgiji. 2019, angali ughaibuni, akavuliwa ubunge kwa hoja ya utoro. Uamuzi ule ulikuwa wa kikatili.

Januari 2025 alimshinda mwenyekiti aliyekuwepo, Freeman Mbowe, kwa kura 513 dhidi ya 482, akawa mwenyekiti wa chama chao cha upinzani, CHADEMA. Aprili alishtakiwa kwa uhaini, kosa lisilo na dhamana. Kizimbani akaamua kujitetea mwenyewe.

Waliompiga risasi hawajafikishwa mahakamani. Tunaitaka serikali iwatafute.